Mzee anapouza gari alilolitunza miaka 40: afya yake isisahauliwe

Msomaji, iwapo wewe ni mmoja wa wale walioacha wazazi Mumbuni, Mutituni au kwingineko pembezoni mwa mji wa Machakos ukaja Nairobi kutafuta riziki, yamkini unalifahamu gari tunalotaka kulizungumzia leo. Ni Peugeot 404 au 504 ambayo baba aliinunua zamani alipokuwa mwalimu, karani wa serikali au mwenye duka, na tangu siku hiyo halijawahi kuwa na mwenyewe mwingine. Nambari zake za usajili ni za kale, za kabla ya zile za KAA zilizoanza mwaka 1989. Ndilo lililowapeleka nyinyi shuleni mkiwa na masanduku ya bati, likabeba maembe sokoni, na usiku wa manane likawakimbiza wajawazito wa kijiji hospitalini.

Sasa mzee ana miaka 75 au 80. Dalali anapita, anachungulia uani, anataja bei. Ama ni nyinyi watoto mnaoanza kunong'ona kwamba gari liuzwe kabla ya jambo baya kutokea. Aghalabu mazungumzo hayo huwa ya pesa tu. Hata hivyo, kuuza gari la namna hiyo ni jambo la afya pia. Linahusu afya ya mzee, ya mama anayeketi kando yake, ya watoto wanaovuka barabara, na ya yule atakayelinunua.

Si chuma tu

Ili uelewe ugumu wa mzee kuachana na gari hilo, kumbuka lilivyokuwa wakati wake. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda mara 3 mfululizo, mwaka 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Haya yalikuwa magari yaliyostahimili vumbi na matope ya Afrika Mashariki, na 504 ziliunganishwa humu humu nchini. Aliyenunua moja siku hizo alikuwa ameonyesha kijiji kizima kwamba jasho lake halikupotea bure.

Kwa hivyo unapomwambia mzee auze, anasikia mengi zaidi ya neno hilo. Huenda akasikia kwamba amekwisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali kuhusu wazee walioacha kuendesha magari, na mwaka 2016 wakachapisha walichokigundua: uwezekano wa mzee kupatwa na dalili za unyong'onyevu mkubwa wa moyo ulikuwa karibu maradufu baada ya kuacha usukani. Hali hiyo humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, na humfanya asahau au apuuze dawa zake za shinikizo la damu au kisukari.

Hata hivyo, haifai kumwachia usukani kwa kuogopa kumhuzunisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021, na wengi wao walikuwa waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Tunachotaka kukueleza ni jinsi ya kuamua vyema, na jinsi ya kuuza bila kumvunja mzee moyo.

Anza na macho

Kabla ya kuzungumzia bei, mpeleke mzee akapimwe macho. Hili ndilo jambo la kwanza kwa sababu huenda tatizo mnalolihofia linatibika, na mkaja kujuta kwamba mliuza gari bila sababu.

Kadiri umri unavyosonga, mboni ya jicho hupungua uwezo wa kupanuka gizani, na lenzi ya ndani hubadilika rangi na kuwa ya manjano. Inakadiriwa kwamba mtu wa miaka 60 hupokea thuluthi moja tu ya mwangaza unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Isitoshe, mwangaza mkali humchukua muda mrefu zaidi kuuzoea. Sasa mfikirie akirudi nyumbani saa mbili usiku kupitia Mombasa Road, malori yakimmulika usoni hadi anapofika Kyumbi na kukata kona kuelekea Machakos, huku taa za gari lake zikiwa hafifu kama zilivyotengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho huifanya lenzi iwe na ukungu. Mzee huona taa zimezungukwa na duara la mwanga, na rangi hufifia. Ugonjwa huu hutibiwa kwa upasuaji mfupi ambapo lenzi iliyoharibika huondolewa na ya bandia kuwekwa. Wengi hurudia shughuli zao za kawaida, zikiwemo kuendesha gari, daktari akishawaruhusu.

Presha ya macho, ambayo madaktari huita glakoma, ni mbaya zaidi kwa sababu huja kimya kimya. Huanza kula pembe za uono huku mbele kukiwa shwari. Mzee anasoma gazeti vizuri, lakini hamwoni mtoto anayetokea kando ya barabara. Uono uliokwisha kupotea haurudi, ila matibabu huzuia uliosalia usipotee. Watu weusi hupatwa na ugonjwa huu zaidi na mapema kuliko wengine, nao hurithiwa katika familia. Kwa hivyo, msomaji, baba akigunduliwa kuwa nao, wewe na ndugu zako mliotimiza miaka 40 nanyi nendeni mkapimwe.

Uchunguzi unaweza kuanzia katika hospitali ya Machakos Level 5. Hospitali ya PCEA Kikuyu nayo imejulikana kwa miaka mingi kwa matibabu ya macho. Uliza mapema ni gharama zipi zinazolipwa na mamlaka ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Kuna jaribio dogo mnaloweza kufanya nyumbani. Uingereza, dereva hutakiwa aweze kusoma nambari ya gari akiwa umbali wa mita 20. Pimeni umbali huo uani, mzee avae miwani yake, kisha asome nambari ya gari lako wewe. Akishindwa mchana kweupe, asiendeshe mpaka amwone daktari. Lakini akifaulu, msiridhike kwa hilo tu, kwa kuwa jaribio hili halipimi presha ya macho.

Viungo, dawa na kumbukumbu

Magari ya zamani yanahitaji nguvu. Usukani hausaidiwi na mashine, klachi ni nzito, na ili kurudi nyuma sharti ugeuze shingo. Mzee mwenye maumivu ya magoti huchelewa kukanyaga breki, na mwenye shingo iliyokakamaa haoni bodaboda inayompita upande wa kushoto.

Hali kadhalika, chunguza dawa anazotumia. Dawa nyingi za mafua na mzio huleta usingizi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu husababisha kizunguzungu. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kupunguza sukari, anaweza kuishiwa na sukari akiwa njiani, akatokwa jasho, akatetemeka na kuchanganyikiwa. Akihisi hivyo, aegeshe kando mara moja, azime injini, ale au anywe kitu chenye sukari, na asiondoke mpaka atulie kabisa. Nendeni kwa daktari mkiwa na pakiti zote za dawa ndani ya mfuko mmoja, mumuulize waziwazi: je, anaweza kuendesha akitumia hizi?

Jambo gumu zaidi ni kumbukumbu. Kusahau mahali alipoweka funguo si ajabu kwa mtu yeyote. Kusahau kona ya kuingia kwake, aliyoikata kwa miaka 40, ni jambo jingine. Ziangalie dalili hizi:

Gari limeanza kuwa na mikwaruzo mipya kwenye madigadi, au lango limegongwa na hakuna anayeeleza vipi.

Anachanganya breki na moto, au husahau kubadilisha gia.

Magari mengine humpigia honi kila mara, naye hajui kwa nini.

Amepotea katika njia anayoijua, au amefika mjini akasahau alichofuata.

Mama ndiye anayeendesha kwa mdomo: "Baba, kuna lori," "Baba, simama." Mama akikataa kupanda gari hilo, usipuuze. Yeye ameona mambo ambayo wewe unayekuja mara moja kwa mwezi hujayaona.

Dalili moja ni sababu ya kumwona daktari. Zikiwa kadhaa, gari lisitoke uani mpaka daktari aseme.

Gari lenyewe nalo lina maradhi

Hata mzee akiwa na afya ya chuma, gari la zamani halina kinga ya magari ya leo. Mengi ya miaka ya 1960 hayakuwa na mikanda ya usalama, au yalikuwa na mkanda wa kiunoni tu. Mkanda unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, lakini ulichukua miaka mingi kuenea. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Wakenya walikumbushwa umuhimu wake na sheria za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Kama gari la mzee halina mikanda hiyo, tafuta fundi stadi aifunge mahali penye chuma imara, ama mnunuzi aambiwe wazi.

Kagua pia bomba la moshi na sakafu. Bomba likitoboka na sakafu ikaliwa na kutu, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi huingia ndani. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa urahisi mtu anaweza kudhani ana malaria. Mtu akiumwa kichwa kila anapopanda gari na kupona akishuka, shuku bomba hilo. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Breki na klachi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Makanika asipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu. Alowanishe kwa maji kisha apanguse kwa kitambaa cha kutupwa, na watoto wakae mbali.

Kuna pia risasi, madini yaliyotiwa katika petroli kwa miongo mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na mnamo Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba imekomeshwa ulimwenguni kote. Lakini betri kuukuu ingali na risasi. Usiivunje nyumbani wala kumwaga maji yake shambani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na uamuzi huo ukarejeshwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024 baada ya kubatilishwa na Mahakama ya Rufaa. Risasi hudhuru hasa ubongo wa watoto.

Na ikiwa gari limesimamishwa juu ya mawe muda mrefu, kuna mengine. Magurudumu yaliyotupwa kando hukusanya maji na kuzaa mbu. Watoto wakijifungia ndani wakati wa jua kali wanaweza kufa kwa joto, kwa hivyo milango ifungwe kwa ufunguo. Anayetaka kuondoa petroli iliyokaa asiivute kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitalini upesi.

Namna ya kuzungumza na mzee

Msimweleze kwa simu, wala mbele ya wajukuu na wageni. Zungumzeni kwanza na mama. Kisha aende mmoja ambaye mzee humsikiliza, awe kifungua mimba, binti yake, au rika lake ambaye tayari ameacha kuendesha. Msiende nyote siku moja kama baraza la kumhukumu.

Usianze na "Baba, umezeeka." Anza na afya: "Baba, tumepanga ukapimwe macho Jumanne, nitakuja kukuchukua." Daktari akisema aache, neno hilo litatoka kwa daktari, na heshima yenu itabaki ilivyokuwa. Daktari asipokataza, mnaweza kukubaliana hatua kwa hatua. Aache kwanza kuendesha usiku, kisha mvua inaponyesha, kisha Mombasa Road, abaki na safari za hapo karibu za sokoni na kanisani. Umri peke yake si ugonjwa. Yupo wa miaka 80 anayeendesha vizuri, na yupo wa miaka 60 asiyefaa.

Hatua hizo zina faida nyingine. Humpa mzee muda wa kufikia uamuzi wa kuuza yeye mwenyewe, akili zake zikiwa timamu. Gari likiuzwa akiwa hospitalini au kwa siri, kidonda hicho hakiponi upesi.

Siku ya kuuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la mwenyewe mmoja, lenye kitabu cha usajili na risiti za tangu mwanzo, lina wanaolitafuta. Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, na mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yalianza mwaka 2003. Kwa hivyo msikubali bei ya chuma chakavu kabla ya kupata maoni ya makanika anayeyajua magari ya kale na ya wapenzi wa magari hayo.

Mwachieni mzee aongoze. Yeye ndiye ataje bei, akutane na wanunuzi, awaeleze mahali panapovuja mafuta na gia inayogoma. Kusimulia historia ya gari ni sehemu ya kuagana nalo. Kazi yenu nyinyi ni kumlinda. Mnunuzi asilijaribu gari peke yake, kitabu kisitoke mkononi kabla ya malipo, na malipo yapitie benki. Mzee asilale na pesa taslimu nyumbani.

Umiliki uhamishwe kupitia mtandao wa NTSA mara moja. Kisheria, aliyeandikwa katika usajili huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Gari likisababisha kifo likiwa bado kwa jina la baba, polisi wataanzia mlangoni pake, na hilo si jambo la kumfanyia mtu mwenye shinikizo la damu.

Baada ya gari kuondoka

Hapa ndipo familia nyingi hulegea. Gari ndilo lililokuwa likimpeleka kliniki, kanisani, kwenye mazishi na kwa marafiki. Likiondoka bila mpango, mzee hukosa kliniki mara mbili, tatu, na hatimaye dawa zinakwisha. Kabla ya siku ya kuuza, andikeni ni nani atakayempeleka hospitalini na siku gani. Mtafuteni dereva wa teksi anayeaminika, awe anamjua mzee kwa jina. Bodaboda si chombo cha mtu mwenye mifupa dhaifu. Sehemu ya pesa za gari itengwe kwa usafiri wake, isigawiwe watoto yote.

Mchunguzeni kwa miezi kadhaa ya kwanza. Kunyamaza siku 2 si ajabu. Lakini akikosa usingizi, akikataa chakula, akiacha kwenda kanisani au akisema hana haja ya kuishi kwa majuma 2 au zaidi, mpelekeni kwa daktari. Huo ni ugonjwa kama mwingine, nao hutibiwa. Akitamka maneno ya kujidhuru, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Msomaji, unapokwenda nyumbani mwisho wa mwezi, mwombe baba akuendeshe hadi mjini Machakos na kurudi, mchana, ukiwa umeketi kando yake. Usimsahihishe njiani. Tazama tu. Ukirudi, mpangieni siku ya kupimwa macho kabla hujasema lolote kuhusu dalali.